Neno Moja katika Barua ya Masera

Nilijifunza kushona kwa masera mmoja wa Hispania, pale Kolwezi, nilipokuwa na miaka kumi na sita. Masera ndiyo jina tunalowapa watawa wa kike kwetu, wote, mweusi kwa mzungu, kijana kwa mzee. Huyu alikuwa mzee tayari, mfupi, miguu imemvimba, na alikuwa amekaa Katanga miaka mingi hata Kiswahili chake kikawa kama chetu, na zile mu- na ba- zake zote. Kifaransa alikitumia kwa makaratasi na kwa wakubwa. Kihispania kilimtoka katika hali mbili tu: akiwa na pini mdomoni, au akiwa na huzuni.

Baba yangu alikuwa karani katika bohari ya kampuni ya migodi. Alizaliwa Kolwezi, babu ndiye aliyeletwa kutoka Kasai kuchimba shaba, enzi za Wabelgiji. Nyumbani wazazi walizungumza Kiluba cha Kasai, na sisi watoto tuliwajibu kwa Kiswahili. Tulikuwa wawili, yaya na mimi. Yaya ni dada mkubwa, na sijawahi kumwita kwa jina lingine lolote. Alikuwa ameolewa na mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa kaskazini ya Katanga. Mama alinung'unika sana juu ya ndoa ile, lakini si kwa sababu ya kabila. Alinung'unika kwa kuwa mkwe wake alikuwa Mprotestanti.

Nguo ya kwanza niliyoikata mwenyewe ilikuwa ya yaya. Alikuja katika chumba chetu cha kushonea kuijaribu, akasimama juu ya kiti, na masera akamzunguka polepole akivuta hapa na pale. Kisha akasema kwa pini zake mdomoni: «Le queda bien.»

Nikamuuliza amesema nini. Akatoa pini.

«Nimesema nguo inamukaa muzuri.»

«Kwa hiyo *queda* ni kukaa?»

«Njo vile,» akasema. «Kukaa.»

Nikalishika neno lile kama mtoto anavyoshika kitu kinachong'aa. Wiki ileile nilimsikia akitafuta kwenye droo na kusema «no queda hilo», akaniambia maana yake ni kwamba uzi hakuna, haukubaki. Jumamosi tulipokuwa tukifunga mlango alisema «quedamos el lunes», yaani tumepatana tutaonana Jumatatu. Nikisogea huku akinipima, alinipiga kidogo begani: «Quédate quieta», tulia hapo ulipo. Siku moja msichana mmoja alimwambia amezaliwa kijiji fulani ng'ambo ya Tenke, na masera akauliza «¿dónde queda?», kiko upande gani.

Nilimwambia neno lake limechoka, linafanya kazi za watu watano. Alicheka mpaka akaketi. «Na *kukaa* yenu?» akaniuliza. «Mutu anakaa pa kiti, anakaa Kolwezi, nguo inamukaa, chakula inakaa siku mbili. Haichoki?» Sikuwa nimewahi kuliona hilo. Tangu siku hiyo tulikuwa tukishindana naye, mimi na yeye, kutafuta maneno ya namna hiyo, na akaanza kunifundisha Kihispania kidogo mchana wakati wenzangu wamekwenda kula. Nilidhani nakijua. Yeye pia, nadhani, alidhani nakijua.

Kisha mambo yakaharibika, mwanzoni mwa miaka ya tisini. Kampuni ilikuwa inakufa kidogo kidogo. Mishahara ilichelewa, mashimo yakajaa maji, mashine zikasimama. Watu walitafuta wa kumlaumu, na redioni na kwenye mikutano wakaambiwa ni nani. Ni sisi, watu wa Kasai. Tumechukua nafasi zao, tumekula kazi zao, turudi kwetu. Baba hakuwa amewahi kufika hata mara moja huko «kwetu». Asubuhi moja alikwenda kazini akakuta mtu mwingine kwenye meza yake, akarudi na kalamu zake mfukoni. Alizipanga zile kalamu juu ya kabati, moja moja, kana kwamba kesho angezihitaji.

Wiki mbili baadaye vijana wakaja barabarani kwetu wakipiga milango kwa fimbo. Wengine niliwafahamu, tulikuwa tumepokea komunio ya kwanza pamoja. Walitupa muda wa kubeba tunachoweza kubeba. Mama alichukua sufuria, blanketi mbili na mfuko wa unga. Mimi nilichukua mkasi wangu. Tukaenda stesheni, kwa kuwa kila mtu wa Kasai alikuwa akienda stesheni, na huko tukakuta maelfu wamekwisha kutangulia, wamelala kando ya reli, wamefunga bikwembe, vitenge vyao, kwenye fito ili wapate kivuli, wakingoja treni ambayo hakuna aliyejua itakuja siku gani.

Tulingoja wiki tatu. Mvua ilitunyeshea. Watoto waliharisha, na kila asubuhi wanaume walikwenda na majembe nyuma ya maghala kuzika. Masera alikuja kila siku na dumu la maji ya kuchemsha na mkate. Wenzake wadogo walikuwa wameamriwa waondoke nchini, yeye alikataa. «Me quedo,» alimwambia mama, kisha akakumbuka akasema tena: «Mi nitabakia.»

Yaya alikuwa na mimba ya miezi saba. Mumewe alikuwa amemwambia hatamtoa, na kwamba atakayemgusa atapita juu yake kwanza. Ndugu za mume hawakufurahi, lakini walimkubalia kwa sharti kwamba asitoke nje sana na asizungumze Kiluba cha Kasai. Siku ambayo treni ilisikika iko njiani, alikuja stesheni kutuaga, mumewe akiwa pembeni yake. Mama alimshika mkono.

«Panda pamoja na sisi.»

«Mama, na tumbo hii? Utaniona nimezalia ndani ya wagoni.»

«Afazali mikononi mwangu.»

«Bwana yangu iko hapa,» yaya akasema. «Nyumba yangu iko hapa. Mambo itapita, mutarudia.»

Mama akamgeukia yule mwalimu. Akamwambia, kwa sauti ya chini kabisa, kwamba anamwachia mtoto wake, na kwamba ikitokea lolote Mungu atamuuliza yeye. Akajibu: «Ndiyo, mama.» Alikuwa kijana mwembamba, miwani yake imefungwa kwa uzi, na namkumbuka vizuri kwa kuwa nilimchukia baadaye kwa miaka kumi na mitatu.

Sitasimulia treni. Walioipanda wanajua, na wasioipanda hawawezi kusaidiwa na maneno yangu. Tulifika Mwene-Ditu, kule Kasai, tukiwa hai wote watatu, na tulihesabiwa miongoni mwa wenye bahati. Tulilala shuleni, kisha tukaenda Mbuji-Mayi, ambako binamu wa baba alitupa chumba. Huko watu walituita «watu wa Katanga» na kucheka Kiluba changu.

Miezi mitano baada ya kufika, mfanyakazi mmoja wa reli alituletea barua. Ilikuwa ya masera. Ukurasa wote ulikuwa kwa Kifaransa, salamu na sala, jinsi cherehani mbili zilivyoibwa, jinsi mafundi waliobaki walivyo wachache. Mwishoni palikuwa na mistari miwili kwa Kihispania. Tulielewa mara moja kwa nini. Barua ilipita mikononi mwa watu, na kumtaja mwanamke wa Kasai aliyefichwa katika nyumba ya Mkatanga kulikuwa hatari kwa nyumba hiyo. Kwa hiyo jambo la yaya alikuwa ameliandika kwa lugha ambayo mimi peke yangu ningeisoma.

Aliandika hivi: *Tu hermana se quedó en el parto. La niña queda conmigo.*

Mama alikaa sakafuni mbele yangu. Baba alisimama mlangoni. Nikasoma kama mwanafunzi bora. *Tu hermana*, dada yako. *Se quedó*, alibaki. *En el parto*: neno hili sikuwahi kulisikia, lakini Kifaransa kilinisaidia, *partir*, *départ*, kuondoka. *La niña*, msichana, ndiye yaya. *Queda conmigo*, anakaa na mimi.

«Anasema yaya alibaki wakati wa kuondoka,» nikawaambia. «Msichana anakaa naye, kwa masera.»

Mama alifunika uso kwa mikono yote miwili, akalia kwa furaha, kisha akanyamaza ghafla.

«Anakaa kwa masera? Kwa nini asikae kwa bwana yake?»

Tulilifikiria jambo hilo siku nzima. Tukaona jibu ni moja tu. Ndugu za mume walikuwa wamemshinda nguvu, wamemfukuza yaya, na mwalimu, pamoja na ahadi yake ya stesheni, amekubali. Masera ndiye aliyemwokota. Na mtoto? Masera hakumtaja. Mama akasema mtawa hajui kuzungumza habari za uzazi, anaona aibu. Mtoto atakuwa amezaliwa salama, kwa maana kama angekufa masera angesema tumwombee.

Basi tukaishi na barua hiyo. Tulijibu mara nyingi, kwa kila msafiri tuliyesikia anaelekea kusini, na hatukupata jibu. Baadaye tukasikia masera amepelekwa kwao Hispania akiwa mgonjwa. Tukasema yaya atakuwa amejifunza kushona, anajitegemea, barua zinapotea tu. Mama alimwombea kila jioni kabla ya chakula, kwa jina, akiwa mzima: umlinde kule aliko, umpe usingizi, umpe maziwa ya kumtosha mtoto. Na baada ya amina aliongeza sala nyingine isiyofaa kanisani, juu ya yule mwalimu. Mimi na baba tuliitikia zote mbili.

Mama alifariki kwa shinikizo la damu mwaka wa kumi na moja wa ukimbizi wetu. Siku zake za mwisho aliniambia nikimpata yaya nisimgombeze kwa kutoandika.

Ilipita miaka miwili. Katika parokia yetu akafika abbé, padri kijana, Mluba kama sisi, aliyekuwa amerudi kutoka masomoni Hispania. Nilimshonea kanzu. Alipokuja kuijaribu nilitaka kumwonyesha kwamba hata mimi si mjinga, nikamwambia, «Le queda bien.» Alishangaa, akacheka, akaniuliza nimeitoa wapi. Nikamsimulia habari za masera, na kwa fahari nikaenda kuitoa ile barua chini ya nguo zangu.

Alisoma Kifaransa akitabasamu. Alipofika chini, tabasamu likaondoka. Akaisoma tena. Akauliza:

«Mama, nani alikufasiria mistari hii?»

«Mimi mwenyewe.»

«Uliielewaje?»

Nikamwambia. Akavua kanzu mpya, akaikunja taratibu akaiweka juu ya meza, akavuta kiti akanikalisha.

«*Parto* si kuondoka,» akasema. «*Parto* ni kuzaa.»

Nilianza kufurahi. Nikasema, kumbe alimtaja mtoto, alibaki mpaka akazaa. Akatikisa kichwa. Akaniambia kwamba huko Hispania, hasa wazee wa vijijini, hawapendi kutamka kufa mbele ya wafiwa. Mtu akifa hospitalini mikononi mwa madaktari wanasema alibaki pale, hakuinuka. *Se quedó.* Dada yako alifariki wakati wa kujifungua, akasema. *La niña* ni mtoto aliyezaliwa. Masera alikuwa anakwambia kwamba mtoto ni wa kike, na anamlea yeye.

Sikulia mbele yake. Nilimuuliza kama kanzu ilimbana kwapani. Akasema hapana. Alipoondoka nilifunga duka, nikabaki nimeshika ile karatasi, nikitafuta mahali ambapo ningeweza kusoma vingine. Masera alikuwa amenifundisha maana tano. Hii ya sita hakunifundisha, nani angemfundisha msichana wa miaka kumi na sita maana hiyo?

Jioni nilimwambia baba. Alikuwa mzee sana wakati huo, macho yamefifia. Alinitaka niisome upya, neno kwa neno, polepole, kama alivyokuwa akikagua orodha za bohari. Nilipomaliza hakuuliza chochote juu ya yaya. Aliuliza: «Mtoto ana miaka mingapi sasa?»

«Kumi na mitatu, kama yuko hai.»

«Nenda,» akasema.

Nilisafiri kwa treni na kwa malori, zaidi ya juma moja. Wakati huo watu wetu walikuwa wameanza kurudi kimya kimya. Kolwezi ilikuwa imejaa wageni wa kila namna, na upande wa Mutoshi vilima vilikuwa vimetobolewa na wachimbaji wa mikono. Nyumba yetu ya zamani nilipita mbele yake mara moja tu. Mwalimu sikumtafuta kwa shida. Bado alikuwa akifundisha shule ileile. Nilimngoja getini. Nywele zilikuwa zimemtoka, miwani ilikuwa mipya. Alinitazama, akaweka madaftari yake chini kabla sijasema jina langu.

Alinisimulia tukiwa tumekaa kwenye benchi la darasa tupu. Uchungu ulimshika yaya mwezi mmoja baada ya sisi kuondoka. Katika nyumba ya uzazi waliyomfikisha hakukuwa na dawa, na mkunga aliyemzoea, mama mmoja wa Kasai, alikuwa amefukuzwa pamoja na wengine. Siku hiyohiyo alikuwa bado stesheni, mwendo wa nusu saa kwa miguu, akingoja treni yake. Mwalimu alikimbia kumwita. Alimpata, na yule mama akakubali kuja, ingawa angeweza kupigwa njiani. Walipofika damu ilikuwa imekwisha kumwagika. Mtoto alikuwa hai.

«Masera alimulea mwaka moja,» akasema. «Alikuwa na maziwa ya unga. Mi nilikuwa sina kitu, mushahara hakuna. Kisha nikamurudisha kwangu.»

Nikaona siwezi kukaa mbele yake na siri yangu. Nikamweleza jinsi nilivyoisoma barua. Nikamwambia tulivyomsema, mwaka baada ya mwaka, mezani, katika sala.

Alisikiliza akiwa ameinama.

«Mama alikufa akinisema vile?»

«Ndiyo.»

Akavua miwani akaifuta kwa muda mrefu. «Aliniachia mutoto wake,» akasema, «na mi sikumuchunga. Hakukosa.»

Nilimwambia mama alikosa, na mimi nimekosa zaidi, kwa kuwa ni mimi niliyesoma. Alinyanyua madaftari yake, akasema twende, msichana atakuwa ametoka shuleni.

Alikuwa uani akisonga bukari, ugali wa kwetu, amejifunga kitenge cha mama yake wa kambo, mwanamke mpole aliyenikaribisha bila maswali. Hakufanana na yaya usoni. Alifanana na baba yangu, hata kwa namna ya kukunja paji la uso. Mwalimu akamwambia: «Huyu ni mama mudogo wako, mutoto-nyuma wa mama yako.» Alikuja akapiga goti kidogo, akanipa mkono wenye unga. Kisha akarudi kwenye sufuria, maana bukari haingojei mgeni.

Nilikaa kwao siku kumi. Mwanzoni aliniogopa. Siku ya tatu aliniuliza kama mama yake alikuwa mrefu. Siku ya nne aliuliza alikuwa anapenda kula nini, na kama alikuwa mkali. Nilimwambia alikuwa anapenda karanga za kuchemsha na alikuwa mkali kwangu peke yangu. Aliuliza kama alijua kuimba. Nikasema hapana, hata kidogo, kanisani watu walikuwa wakigeuka. Hapo akacheka kwa mara ya kwanza, na baba yake, aliyekuwa akisahihisha madaftari chumba cha pili, akanyamazisha kalamu yake ili asikie.

Jumapili, baada ya ibada, tulikwenda makaburini sisi watatu. Msichana alitangulia kwa kuwa aliijua njia. Aling'oa majani bila kuambiwa, akaniachia upande wa kichwani. Nilikuwa nimekusudia kusema mengi. Nilichosema ni kwamba mama amefariki, kwamba hakukasirika, na kwamba nimechelewa. Mwalimu alisali sala yake ya Kiprotestanti, ndefu, na mimi nikaitikia.

Nilipoondoka nilimwomba anipe msichana wakati wa likizo kubwa, aje babu yake amwone. Alikubali palepale. Lakini barabara ilikatika mvua zile, na likizo iliyofuata baba alikuwa amekwisha kulala chini ya udongo wa Mbuji-Mayi. Kabla ya hapo alikuwa na picha ya mjukuu wake tu, ile niliyomletea kutoka Kolwezi. Hakuweza tena kuiona vizuri, kwa hiyo alinitaka nimwambie ilivyo: msichana amesimama mlangoni, amevaa sketi ya shule, amekunja uso kwa sababu ya jua.

«Amekunja uso namna gani?» aliuliza, na nikamwonyesha kwa kidole changu juu ya paji lake mwenyewe.